Kompyuta ni ya Bosi, Maneno Je?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na marafiki wasiofanya kazi hii yangu ya kuandika programu ni hili: "Ati bosi anaweza kuona ninachofanya kwenye kompyuta ya ofisi?" Huwa najibu kwamba ndiyo, anaweza. Wengine hucheka. Wengine hunyamaza na unaona macho yanahesabu kitu. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Kuweza ni jambo moja na kuruhusiwa ni jambo jingine, na watu wengi, wakubwa kwa wadogo, huyachanganya. Leo nataka kuyatenganisha, maana mimi nimewahi kukaa upande wa yule anayeagizwa kuiweka hiyo programu ya kuona.

Tuanze na uwezo.

Wale tuliojifunzia intaneti kwenye saiba tunamkumbuka kijana wa kaunta. Alikuwa na orodha ya mashine zote mbele yake, dakika zako zikiisha anakufungia, na kwa baadhi ya programu za saiba aliweza kutazama skrini yako huku wewe ukiandika barua pepe ya mapenzi. Ofisi nyingi za leo ni saiba iliyovaa tai. Kompyuta ya kampuni, kabla haijafika kwako, huunganishwa na seva kuu, na kutoka hapo mtu wa IT anaweza kuweka programu, kuondoa programu, kukuzuia kuchomeka flashi diski, kubadilisha nywila yako, na hata kufuta kila kitu mashine ikiwa ndani ya matatu ya Kitengela.

Mengi ya haya nayaunga mkono kabisa. Laptopu ikinyakuliwa dirishani kwenye msongamano wa magari, na ndani yake kuna majina na nambari za simu za wateja elfu kadhaa, ningependa sana awepo mtu anayeweza kubofya mahali ikafutika. Ningependa diski yake iwe imesimbwa ili mwizi asisome kitu. Ningependa programu zisasishwe hata kama mwenye laptopu hubofya "baadaye" kila siku (na sote hubofya). Huko ni kuitawala mashine, na mashine ni ya kampuni. Sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye kufuli.

Tumefundishwa kwamba ukiona alama ya kufuli kwenye kivinjari (Chrome iliibadilisha mwaka 2023, lakini maana ni ile ile), basi mawasiliano yako na benki yamefungwa na hakuna aliye katikati anayeweza kuyasoma. Kwenye kompyuta yako mwenyewe ni kweli. Kwenye kompyuta ya ofisi huenda si kweli. Kivinjari huamini tovuti kwa kutazama orodha ya mashirika yanayotoa vyeti: tovuti ikileta cheti chenye sahihi ya shirika lililo kwenye orodha, kufuli linatokea. Sasa, mtu wa IT anaweza kuongeza jina la kampuni yenu kwenye orodha hiyo, kwa kompyuta zote, kwa agizo moja. Kisha seva inayokaa katikati inalipokea ombi lako la kwenda benki, inatengeneza papo hapo cheti chenye jina la benki na sahihi ya kampuni, inafungua, inasoma, inafunga tena na kupeleka mbele. Kufuli lipo pale pale. Ni kama tarishi aliyepewa mhuri wa posta: anaifungua bahasha, anaibandika upya, anagonga mhuri, na wewe huna habari.

Kuna sababu halali ya kufanya hivyo, nisiwe mwongo. Virusi navyo hupita ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa, na bila kuyafungua havionekani. Kampuni makini huziacha benki na hospitali nje ya ukaguzi. Lakini anayeamua ni mtu mmoja anayeandika orodha Jumatatu asubuhi. Ukitaka kujua hali ya ofisini kwenu, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, ufuate mpaka kwenye cheti, usome kimetolewa na nani. Ukikuta jina la kampuni yenu badala ya shirika kama DigiCert au Let's Encrypt, umepata jibu. Na lile dirisha la faragha la kivinjari ambalo watu hulitegemea sana? Linamficha historia yule atakayekaa kwenye kiti chako baadaye. Seva ya ofisi halifichi chochote.

WhatsApp nayo ni vivyo hivyo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Ila ukiufungua kwenye kompyuta kwa WhatsApp Web, unatokea kwa maandishi ya kawaida, kwa sababu wewe mwenyewe unahitaji kuusoma. Programu inayopiga picha ya skrini haina haja ya kuvunja siri yoyote. Inapiga picha tu.

Mwaka 2020 nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja hapa Nairobi, jina nitaliacha. Tulikuwa watu 23. Kama ilivyo kawaida ya kampuni zetu ndogo, anayeandika programu ndiye mtu wa IT, ndiye fundi wa printa, na ndiye anayeulizwa kwa nini Wi-Fi imepotea. Korona ilipoingia mwezi wa Machi, kila mtu alitumwa nyumbani na laptopu yake. Kufikia Juni mkurugenzi wetu hakuwa anapata usingizi, na simlaumu. Wateja walikuwa wamepungua, mishahara inadaiwa kila mwisho wa mwezi, na yeye haoni mtu hata mmoja. Akanipigia simu.

"Kijana wangu, kuna programu nimeonyeshwa. Inapiga picha ya skrini kila dakika tano na kuhesabu mtu amegusa kibodi mara ngapi. Nataka uiweke kwa mashine zote. Na usiwaambie, ukiwaambia wataanza kuigiza."

Nikamwomba niijaribu kwangu kwanza, siku tatu tu. Akakubali.

Kwanza nilipiga hesabu, ndiyo tabia yangu. Picha moja kila dakika 5 ni picha 12 kwa saa, 96 kwa siku ya saa nane. Kwa watu 23 ni picha 2,208 kila siku. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni 48,576. Nani atazitazama? Hakuna. Zitalala kwenye seva ya kampuni ya kigeni mpaka siku mkurugenzi atakapokasirishwa na mtu fulani, ndipo zifunguliwe, za mtu huyo peke yake, kuanzia mwaka juzi. Rundo kama hilo halimsaidii meneja kusimamia kazi. Linamsaidia siku anapotafuta kosa, na nani kati yetu hana kosa ndani ya picha elfu moja?

Kisha nikapitia picha zangu 288. Nyingi zilikuwa msimbo, msimbo, hitilafu, msimbo tena. Halafu nikafika kwa picha ya saa nne na dakika arobaini asubuhi. WhatsApp Web ilikuwa wazi, kwa sababu kundi letu la kazi lilikuwa huko, kwa agizo la kampuni yenyewe. Kwenye picha, mazungumzo yangu yamepangwa upande wa kushoto na yale ya dada yangu yamefunguka. Alikuwa ameandika habari za baba, ambaye wakati huo alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki kwa ajili ya figo. Jina la hospitali lilikuwepo, na pesa zilizobaki kulipwa, na jambo moja alilosema daktari ambalo mama alikuwa hajaambiwa bado. Yote yamepigwa picha, yamepakiwa, yana tarehe, saa na jina langu juu.

Dada yangu hajawahi kuajiriwa na kampuni ile. Hakutia sahihi mkataba nayo. Alikuwa nyumbani kwake, na simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe. Mpaka siku hiyo nami nilikuwa nikilifikiria suala hili kama mkataba kati ya bosi na mfanyakazi: yeye ana mashine, mimi nina mshahara, tutaelewana. Sikuwa nimemwona mtu wa tatu. Kila mfanyakazi ana mke, mtoto, mjomba, mwanachama mwenzake wa chama, na wote hao huingia kwenye skrini bila kujua kwamba mbele yao kuna kamera. (Baba alituacha mwaka uliofuata. Mama alikuwa ameambiwa na sisi wenyewe, nyumbani, wakati tulioona unafaa.)

Nikafungua sheria, kitu ambacho watu wa kompyuta hatukipendi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja waziwazi habari za familia na mambo ya binafsi, pamoja na mawasiliano. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, lakini mlango wa ofisi haukutajwa kuwa mmoja wa mipaka hiyo. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo. Kifungu cha 29 kinasema anayekusanya data yako akuarifu kabla hajaikusanya: kwamba anaikusanya, kwa nini, na nani mwingine ataipata. Kwa hiyo lile neno "usiwaambie" lilikuwa limegonga ukuta hapo hapo. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuiona data yako na kupinga inavyotumiwa. Na ukisoma maana ya data nyeti kwenye sheria hiyo utashangaa: afya, ndiyo, lakini pia mali ya mtu, hali ya ndoa, hata majina ya watoto, wazazi, mume au mke. Hebu itazame skrini yako ya WhatsApp sasa hivi uhesabu. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Mwezi ule ofisi ya Kamishna wa Data ilikuwa bado haina mwenyewe. Immaculate Kassait aliapishwa Novemba 2020. Lakini sheria haingoji mlinzi wake aajiriwe ndipo iwe sheria.

Nikatafuta pia kama kuna mtu aliyewahi kulipeleka jambo hili mahakamani mpaka mwisho. Yupo, ni Mromania. Bogdan Bărbulescu alikuwa mhandisi wa mauzo. Mwajiri wake alimwambia afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibu wateja (mnaikumbuka Yahoo Messenger?). Julai 2007 kampuni ilirekodi mazungumzo yake kwa siku kadhaa, kisha ikamuuliza kama anaitumia kwa mambo yake. Akajibu kwa maandishi kwamba anaitumia kwa kazi tu. Wakamtolea kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, yakiwemo ya afya na ya kitandani. Mwezi uliofuata akafutwa kazi. Sheria za kampuni zilikataza kabisa matumizi ya binafsi, na yeye alizijua.

Akashindwa Bucharest. Akakata rufaa, akashindwa tena. Akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, na Januari 2016 majaji sita kwa mmoja wakamkatalia. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba bosi ameruhusiwa kusoma ujumbe wako, na mpaka leo nakutana na watu wanaoamini hivyo kwa sababu ya vichwa vile vya habari. Lakini kesi haikuishia hapo. Tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la mahakama hiyo liliigeuza hukumu, majaji 11 kwa 6. Walisema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyapunguza maisha ya kijamii ya mtu kazini mpaka yakawa sufuri. Wakaandika maswali ya kuulizwa: je, aliarifiwa kabla kwamba atachunguzwa, na kwa kiasi gani? Palikuwa na sababu ya kweli? Hapakuwa na njia nyepesi kuliko kusoma maneno yenyewe? Ushindi wenyewe haukuwa na utamu mwingi. Miaka kumi, na fidia ya machungu hakupewa.

Hukumu ya Strasbourg haiifungi mahakama ya Milimani. Hata hivyo sheria yetu ya 2019 ilikopa mengi kutoka kwa kanuni za Ulaya za GDPR zilizoanza Mei 2018, kwa hiyo maswali yale si ya kigeni kwetu. Wafaransa walifika mapema zaidi: mwaka 2001 mahakama yao kuu, kwenye kesi ya mhandisi wa kampuni ya Nikon, ilisema mwajiri hawezi kusoma barua za binafsi za mfanyakazi hata kama alikataza kompyuta kutumiwa kwa mambo ya binafsi. Ndiyo maana wafanyakazi wa Ufaransa hushauriwa kuyapa mafaili yao jina la "binafsi". Ushauri mwingi unaousoma mtandaoni, ule wa "ukiwa kazini usitarajie faragha yoyote", umetoka Marekani, ambako sheria huwaegemea waajiri zaidi. Hata huko, jimbo la New York tangu Mei 2022 linamtaka mwajiri awape wafanyakazi notisi ya maandishi. Usiubebe ushauri wa Wamarekani ukaupanda Nairobi kama mche wa mwembe.

"Lakini walitia sahihi mkataba," utasema. Sawa. Kifungu cha 32 cha sheria yetu kinataka ridhaa iwe ya hiari, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayekusanya. Mtu aliyetafuta kazi miezi minane, akapewa kurasa kumi na mbili na kalamu, hiari yake unaipimaje?

Basi nikaenda ofisini na kurasa chache nilizochapisha, na ile picha ya saa nne na dakika arobaini, baada ya kumwomba dada yangu ruhusa. Tulikaa mbalimbali na barakoa zetu.

"Mashine ni zangu," alisema.

"Ni zako, mzee."

"Na muda wao nimeununua."

"Umeununua. Lakini huyu hapa ni dada yangu."

Akavaa miwani, akasoma. Alichukua muda mrefu kidogo. Kisha akaniuliza, "Baba anaendeleaje?" Tukazungumza juu ya hilo kwanza. Halafu akarudi kwa swali lake, na lilikuwa swali zuri: "Sasa mimi nitajuaje kama wanafanya kazi?"

Nilimwambia atajua kwa kuiangalia kazi. Kila Jumatatu kila mtu aandike atakachomaliza, Ijumaa akionyeshe. Hakufurahi sana, maana inamlazimu meneja naye asome kazi ya watu, na hiyo ni kazi. Programu ya picha hatukuinunua. Tulibaki na kinga ya virusi, kumbukumbu za nani ameingia kwenye seva saa ngapi, na kizuizi cha flashi diski kwa mashine za uhasibu. Niliandika ukurasa mmoja kueleza tunachorekodi, nani anaweza kukisoma, na kwamba kinafutwa baada ya siku 90. Kichekesho ni kwamba notisi hiyo ilileta kelele. Watu wawili walinipigia wakilalamika kwamba tumeanza kuwachunguza, na mzee hakukosa kunikumbusha kwamba programu ya siri haingeleta kelele hata kidogo. Alikuwa sahihi, na ndilo tatizo lake.

Kuhusu kuhesabu vibonyezo vya kibodi, nina neno moja tu. Saa zangu bora za kazi ni zile ninazotazama ukuta. Ukinilipa kwa kugusa kibodi nitaigusa. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafuta kazi wafanyakazi zaidi ya 12 kwa kuigiza kwamba kibodi zao zinatumika. Kuna vifaa vinauzwa kazi yake ni kusukuma kipanya tu. Mtu ananunua mashine ya kumdanganya mashine aliyonunua bosi, na huku nje mteja anangoja.

Wewe uliye na laptopu ya kampuni sasa hivi, fanya haya. Mambo ya benki, hospitali na nyumbani yafanye kwa simu yako, kwa bando lako, si kwa Wi-Fi ya ofisi. Ikibidi WhatsApp iwe kwenye kompyuta kwa sababu ya kazi, ifunge ukimaliza, usiiache ikining'inia mchana kutwa. Usikiache kivinjari cha ofisi kihifadhi nywila zako za binafsi. Na uliza. Mwandikie mtu wa rasilimali watu barua pepe fupi yenye heshima: mnarekodi nini kwenye mashine hii, na kinakaa kwa muda gani? Ni haki yako kuuliza, na wakishindwa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Nimebakisha jambo la simu. Ukiweka barua pepe ya kazi kwenye simu yako mwenyewe, huenda ukaletewa ukurasa unaoomba umpe msimamizi wa kampuni mamlaka juu ya simu hiyo. Usome mpaka mwisho. Mara nyingine kuna mstari unaosema anaweza kuifuta simu nzima, pamoja na picha za watoto. Kwenye Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, upo wasifu wa kazi unaozitenga programu za ofisi peke yake, naye msimamizi anaweza kuufuta huo bila kuugusa upande wako. Mwombe mtu wa IT autumie. Akikuambia hajui unavyowekwa, mpe wiki moja ajifunze, na wewe barua pepe ya kazi endelea kuisomea kwenye laptopu yao.